Mfarishi wa Picha Umeharibika Wapi? Dalili, Sababu na Tiba kwa Wanaotia Rangi Vitambaa Wenyewe

Mfarishi wa picha ni tabaka tatu: uso uliojengwa kwa viraka, pamba katikati, bitana nyuma, na mishono inayozishika zote huku ikiendelea kuchora. Anayetia rangi vitambaa vyake mwenyewe anapata kitu ambacho hakuna duka la Biashara Street hapa Mombasa litamuuzia, kwa mfano samawati ya maji ya mkono wa bahari wa Tudor yakiwa yamejaa, inayofifia kuelekea kijani bila mstari. Anapata pia matatizo ambayo mnunuzi wa kitenge hayajui.

Kasoro nyingi huonekana kwenye cherehani au ukutani, ilhali chanzo chake kiko kwenye beseni. Kwa hiyo kabla ya kukaza skrubu au kuilaumu pamba, jiulize kitambaa kilipitia nini kabla hakijakatwa. Maelezo ya rangi hapa yanahusu hasa zile za riaktivu za maji baridi, kama Procion MX, zinazoshika pamba kwa msaada wa magadi soda. Wanaotumia rangi za batiki za kostiki (kostiki soda) na haidro (sodiamu haidrosalfaiti) watapata maonyo yao mahali pake.

"Nimefua mara moja tu, mama, tanga lote limekuwa samawati"

Hili ndilo lalamiko kuu. Bahari imechuja ikaingia kwenye tanga jeupe la jahazi, na kazi ya miezi imetibuka. Sababu, kuanzia ile ya kawaida zaidi:

*Rangi isiyoshika haikutolewa.* Rangi ya riaktivu haiungani yote na pamba. Sehemu yake huungana na maji, kisha hukaa ndani ya kitambaa bila kushika popote, ikisubiri siku ya kufuliwa. Kusuuza kwa maji baridi peke yake hakuitoi. Kipime kitambaa kabla ya kukikata: lowesha kona, ilaze juu ya bafta nyeupe, pitisha pasi ya moto mpaka vikauke pamoja. Bafta ikipata doa, kitambaa hakijawa tayari.

Tiba ni kusuuza kwa maji baridi kwanza, mpaka ule utelezi wa magadi uishe, halafu kuloweka kwenye maji ya moto ambayo mkono hauvumilii (nyuzi 60 na zaidi) pamoja na sabuni kidogo. Badilisha maji, rudia. Feruzi na nyeusi ndizo sumbufu kuliko zote na huhitaji raundi nyingi. Rangi hafifu humalizika haraka.

*Magadi si yale.* Kenya tunachimba magadi wenyewe, Ziwa Magadi kule Kajiado, na ndiyo maana watu hudhani chochote chenye jina hilo kitafanya kazi. Madonge ya sokoni yanayotiwa kwenye maharagwe ni magadi ghafi: kabonati iliyochanganyika na baikabonati, nguvu yake ni ndogo na huja na mchanga. Baking soda ni dhaifu zaidi. Unachotaka ni magadi soda yaliyosafishwa, unga mweupe mkavu, wanaouza wenye maduka ya kemikali na wauzaji wa dawa za mabwawa ya kuogelea. Kwa kuloweka kitambaa kabla ya kukitia rangi, pima gramu 50 hadi 60 kwa lita moja ya maji.

*Rangi ilikuwa imekufa.* Rangi iliyokwisha koroga kwenye maji hupoteza nguvu siku chache tu katika joto letu, hata ikiwa chupani. Ikichanganywa na magadi, baada ya saa moja au mbili haina maana tena. Macho hayakusaidii hapa: rangi iliyokufa inaonekana vilevile, inapaka vilevile, kisha inatoka yote. Unga nao huvuta unyevu, hasa miezi ya kusi, kopo likiachwa wazi. Ukiganda madonge, tia rangi kipande kidogo kwanza.

*Rangi yenyewe si ya aina hii.* Vile vipakiti vidogo vya rangi ya kuchemsha vinachuja kwa asili yao. Vitumie kwenye picha itakayokaa ukutani bila kufuliwa, la sivyo usivitumie.

Na hapa lazima niseme jambo litakalowaudhi wengi: chumvi na siki havishikizi rangi kwenye pamba. Tumelelewa tukiona kanga mpya ikilowekwa maji ya chumvi, na desturi hiyo sina ugomvi nayo, lakini rangi iliyokosa kuungana na uzi haitaungana kwa sababu umeitilia chumvi. Chumvi ina kazi yake ndani ya beseni la kutilia rangi, ambako husukuma rangi kuelekea kitambaa. Baada ya hapo kazi yake imekwisha.

Mfarishi ukiwa umeshachuja, usiukaushe na usiupige pasi. Jaza karai kubwa au bafu maji ya moto mengi, tia sabuni ya maji ya vyombo, zamisha mfarishi wote usielee, uache usiku kucha. Asubuhi maji yakiwa na rangi, mwaga na urudie. Wingi wa maji ndio siri: rangi ikiwa chache ndani ya maji mengi haina haja ya kurudi kwenye tanga.

Simama hapa ikiwa ndani ya mfarishi kuna hariri, sufu, au kipande cha kanga ya marehemu bibi. Usijaribu maji ya moto wala Jik. Tafuta mtaalamu wa uhifadhi wa nguo. Watu wa makumbusho pale Fort Jesus ni mahali pazuri pa kuanzia kuulizia.

Rangi imetoka hafifu, au si ile niliyotaka

Anza na tone la maji. Lidondoshe kwenye kitambaa kipya: likikaa juu kama ushanga, wanga wa kiwandani umo na rangi haitaingia. Vitambaa vya marekani na bafta vikiwa vipya huuzwa vimejaa wanga. Chemsha kitambaa kwa sabuni na kijiko cha magadi soda nusu saa, suuza, ndipo utie rangi. Usitumie sufuria ya alumini kwa kazi hii, maana magadi huila. Tumia chuma cha pua, au ya enameli isiyobanduka.

Tone likinywewa mara moja na bado rangi ni hafifu, shuku mchanganyiko wa tetroni (poliesta). Mwenye duka atakuapia ni pamba tupu. Chomoa nyuzi chache, za mtande na za mshindio, uzichome juu ya sahani: pamba hunuka karatasi iliyoungua na kuacha jivu laini, tetroni huyeyuka na kuacha kidonge kigumu cheusi. Kitambaa nusu kwa nusu kitashika rangi nusu, na hakuna dawa ya hilo.

Baada ya hayo, angalia vipimo. Pima kitambaa kikiwa kikavu kwenye mizani. Kwa rangi ya kati, gramu 2 hadi 4 za unga kwa kila gramu 100 za kitambaa. Nyeusi hutaka hata 8. Kumbuka pia kwamba kitambaa kibichi kinadanganya, kikikauka kitapungua ukali.

Feruzi ikikuangusha mara kwa mara, ipe muda. Inaungana polepole kuliko wenzake na inapenda joto. Ifunge kwenye mfuko wa plastiki, iweke juani uani hadi jioni. Samawati inayogeuka kijani mara nyingi si kosa la rangi: marekani isiyopaushwa ina umanjano wake, na manjano chini ya samawati ni kijani. Kwa anga tumia bafta nyeupe.

Madoadoa, mabaka na unga mweupe

Vidoti vikali vya waridi au vyekundu ni unga usioyeyuka. Ukande kwanza na maji ya vuguvugu kidogo mpaka uwe uji usio na chembe, ongeza maji, chuja kwa soksi ya nailoni. Mabaka mapana yenye kingo ni wanga uliobaki, au kitambaa kingi kwenye beseni dogo bila kugeuzwa.

Utando mweupe, na rangi inayofifia kwa mafungu, ni maji. Kisiwa chetu kimekaa juu ya mawe ya matumbawe, na maji ya visima yamebeba chokaa. Wengi hulaumu chumvi ya kisima, na chumvi haina kosa, kwani hata sisi tunaitia kwa makusudi. Adui ni chokaa, ambayo hukutana na magadi na kufanya ule unga. Jaribu kisima chako hivi: koroga magadi soda kidogo kwenye glasi ya maji. Yakigeuka maziwa, usiyatumie. Maji ya bomba ni bora zaidi, lakini bomba likikauka na mwenye mkokoteni akakuletea mitungi, huwezi kujua ameteka wapi, kwa hiyo rudia jaribio la glasi. Maji ya mvua ni bora kuliko yote. Kinga ya kutosha wakati wa masika na uyaweke kwa ajili ya kukoroga rangi, usuuzaji ufanye kwa maji mengine.

Vidoti vya kahawia au vya kijivu vinatoka kwenye beseni lililobanduka enameli likaota kutu.

Kabla hujakitupa kitambaa chenye mabaka, kitundike ukitazame kwa mbali. Kuta za Fort Jesus hazina rangi moja hata sehemu moja ya upana wa kiganja. Mabaka yaliyokuudhi kwenye anga yanaweza kuwa ukuta ambao usingeweza kuupata kwa makusudi.

Kifua kinabana baada ya kupima rangi

Hii si dalili ya kitambaa, ila imo kwenye orodha kwa sababu watu huinyamazia. Unga wa rangi za riaktivu ukivutwa puani unaweza kuufanya mwili uikatae rangi hiyo moja kwa moja, na kuanzia hapo hata chembe kidogo italeta kikohozi, kifua kubana na macho kuwasha. Pima kwa barakoa ya vumbi inayobana uso, juu ya gazeti lililoloweshwa, madirisha yakiwa hayaleti upepo. Na uzime pangaboi! Joto la chumba utalivumilia dakika kumi.

Dalili zikianza, acha kabisa, funga kopo, nenda hospitali ukiwa na jina la rangi. Usijipe siku mbili uone itakuwaje.

Kwa wanaotumia kostiki: tia kostiki kwenye maji, kamwe usimwage maji juu ya kostiki, na alumini iwe mbali. Ikiruka jichoni, osha kwa maji yanayotiririka angalau dakika 20 na uende hospitali hata kama maumivu yamepoa. Haidro iwekwe pakavu kabisa, kwani ikipata unyevu hupata moto yenyewe na inaweza kuwaka. Na isikutane na Jik.

Mfarishi haulali, una mawimbi

Ulaze sakafuni, utazame ni wapi panavimba. Pakivimba katikati ya picha, mara nyingi umeshona anga kwa mistari ya karibu mno na kuliacha jahazi bila mishono. Sehemu iliyoshonwa sana hujikunja, ile nyingine inabaki na ziada. Ongeza mishono palipolegea mpaka pasawazike. Haisaidii kuivuta kwa mikono.

Pakivimba kila mahali baada ya kufua mara ya kwanza, sababu ni bitana. Uso wako ulishachemshwa na kulowekwa mara nyingi, umeshajikunja wote. Bitana uliyoinunua juzi haijaonja maji. Fua bitana kwa maji ya moto kabla ya kuipandisha.

Vingine ni vya upesi. Viraka vilivyokatwa mshazari huvutika ukivipiga pasi, basi chora mshale wa mtande nyuma ya kila kipande kabla ya mkasi. Bandi (mishono ya kushikiza kwa muda) zilizoachana sana huruhusu tabaka kuteleza, piga bandi kila upana wa kiganja. Kingo zikicheza na katikati kumelala, pindo lilipimwa kwa kufuata ukingo uliokwisha vutika. Pima katikati ya mfarishi, ukate pindo kwa kipimo hicho.

Mawimbi madogo yaliyobaki huisha kwa kulowesha mfarishi, kuubana kwa pini kwenye ubao ukiwa umenyooka pembe nne, na kuuacha ukauke hapohapo. Fanya hivyo tu ikiwa jaribio la bafta lilitoka safi.

Kingo za viraka zinabanduka

Bandua kidogo utazame gundi ya pasi imebaki wapi. Ikiwa yote iko upande wa kiraka na chini pakavu, joto halikufika au chini palikuwa na kitu: wanga, dawa ya kulainishia nguo, au nta ya batiki. Gandamiza pasi mahali pamoja kwa sekunde zote zilizoandikwa kwenye karatasi ya gundi, inua, hamia pengine. Kuitelezesha kama unanyoosha shati ndiyo sababu kubwa. Nta iliyobaki itoe kwa pasi kati ya magazeti, kisha maji ya moto yenye sabuni.

Gundi haitoshi kwa mfarishi utakaofuliwa. Pitishia kingo mshono. Kitambaa chenye nyuzi zilizoachana kitanyofoka hata hivyo, kwa hiyo vipande vidogo kama kamba za tanga na madirisha ya Mji wa Kale vikate kwenye bafta iliyobana.

Cherehani inaruka mishono, uzi unakatika, chini kumejaa mafundo

Fuata mpangilio huu bila kuruka, maana wengi huanzia mwisho.

Badilisha sindano. Kitambaa kilichotiwa rangi na kuchemshwa huwa kimebana kuliko kilivyotoka dukani, na sindano butu haikipenyi. Namba 80/12 au 90/14, mpya kwa kila kazi. Angalia imeingia mpaka juu na imeelekea upande sahihi.

Uvute uzi kati ya vidole. Ukikatika kwa urahisi, umezeeka. Reli za bei nafuu zilizokaa dirishani mwa duka juani ni hasara.

Toa uzi wote, inua mguu wa cherehani, upitishe upya. Uzi ukipitishwa mguu ukiwa chini hauingii kati ya sahani za kukaza, na matokeo yake ni yale mafundo chini ambayo kila mtu hulaumu bobini.

Sindano ikinata, ni gundi au nta. Ifute kwa spiriti.

Kwa kushona ukichora kwa mkono, teremsha meno ya cherehani. Singer ya kukanyaga isiyo na nafasi ya kuyateremsha, yafunike kwa kadi iliyotobolewa tundu la sindano. Mishono ikiwa mirefu pembeni na mifupi katikati, mikono inakimbia kuliko miguu.

Sasa ndipo uguse skrubu ya kukaza uzi, robo mzunguko kwa wakati, ukijaribu kwenye kipande chenye tabaka zote tatu.

Simama umwite fundi sindano ikigonga chuma, gurudumu likikwama, au mishono ikiendelea kuruka hata kwa sindano mpya: ndoana imepoteza wakati wake na kuirekebisha ni kazi ya mwenye ujuzi. Cherehani ya umeme ikikutekenya vidole, chomoa plagi. Mota na nyaya si za kufungua nyumbani.

Manyoya meupe yanatokeza kwenye kitambaa cheusi

Pamba ya tetroni isiyobana inapenya kupitia matundu ya sindano. Usiyavute, kila unyoya unaouvuta unaleta mwingine. Yakate juu kwa juu. Safari ijayo tumia pamba iliyoshikanishwa, au weka bafta nyeusi chini ya uso. Sufi iachie mito, kwani ndani ya mfarishi hukusanyika mafungu.

Karibu picha ni nzuri, mbali haisomeki

Mshono hauna kosa hapa. Piga picha kwa simu, iondoe rangi ibaki nyeusi na nyeupe. Tanga likipotea ndani ya anga, tatizo ni kwamba vitambaa viwili vina weupe sawa ingawa rangi ni tofauti. Macho hupenda rangi yakasahau mwanga na kivuli.

Kama hujashona, rudisha kitambaa cha anga kwenye beseni kikolee, na hii ndiyo faida kubwa ya kutia rangi mwenyewe. Kama umeshashona, koleza kivuli cha upande mmoja wa tanga kwa mistari ya karibu ya uzi wa kijivu. Wengi hukimbilia kuzungushia kila umbo uzi mweusi, na picha ikageuka kitabu cha watoto cha kupaka rangi. Zungushia kitu kimoja tu, kile unachotaka kionwe kwanza.

Vidoti vya kahawia, vidoti vyeusi, na harufu

Kahawia ni kutu ya pini. Hewa ya bahari inazila pini za kawaida upesi, hivyo usiziache kwenye kazi ukaenda Lamu kwa arusi. Tumia za chuma cha pua au piga bandi kwa uzi. Doa jipya la kutu hutoka kwa ndimu na jua, ila jaribu kwenye kipande cha pembeni kwanza, kwani ndimu na jua huweza kupausha hata rangi iliyoshika.

Nyeusi ni ukungu. Chanzo ni mfarishi uliokunjwa kabla ya kukauka ndani, au uliogusa ukuta wenye unyevu. Peleka nje, upige brashi ukiwa mkavu, uanike siku ya upepo upande wa nyuma ukielekea jua, kisha ufue. Vidoti vilivyokwisha ingia ndani ya nyuzi havitoki bila kuondoka na rangi, na Jik itaacha mabaka meupe mahali pa meusi. Usiichanganye Jik na siki wala ndimu kamwe, hewa inayotoka ni sumu. Ukungu ukiwa umeenea mfarishi mzima na nyumbani kuna mwenye pumu, usiupige brashi wewe. Ufunge kwenye mfuko wa plastiki na umpe dobi mwenye vifaa.

Baada ya hapo utundike kwenye kipande cha mbao kinachouacha mbali kidogo na ukuta, upepo upite nyuma, na mbali na dirisha la jua la alasiri.